Mzigo mchanganyiko Arusha–Nairobi kupitia Namanga: kipi kinalipiwa ushuru, kipi hakilipiwi?

#1 GhalaArusha

Wakuu, salaam. Mteja yuko Nairobi, anataka mzigo mmoja wenye vitu vinne: mchele wa Mbeya tani 7, vitunguu vya Mang'ola magunia 40, mafuta ya alizeti ya kiwandani katoni 60, na mabelo mawili ya vitenge kutoka Kariakoo. Mmoja kaniambia Afrika Mashariki hakuna ushuru, pita tu. Mwingine kasema Wakenya watanitoza mpaka nisahau faida. Naomba anayejua kazi anichambulie kitu kwa kitu, na karatasi zake.

#2 KaratasiKwanza

Mkuu, wote wawili wamesema nusu.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005. Ndani yake ushuru wa forodha ni sifuri kwa bidhaa yenye ASILI ya nchi mwanachama. Anayeibeba hahusiki, wala duka ilikonunuliwa. Mtanzania akipeleka Kenya kitambaa cha China, hicho ni kitambaa cha China. Na asili haithibitishwi kwa mdomo wala kwa chapa ya gunia, inathibitishwa kwa cheti cha uasili wa bidhaa.

Kwa hiyo mzigo wako unagawanyika hivi. Mchele na vitunguu vimelimwa hapa, vina asili kamili, ushuru sifuri ukiwa na cheti. Mafuta ya alizeti yanategemea kiwanda kimetumia nini (atakuja mwenye viwanda aeleze). Vitenge, ukweli, jiandae kulipa.

Cheti ni cha aina mbili:

Cheti kilichorahisishwa. Ni kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika. Kinatolewa palepale mpakani na ofisa wa forodha wa nchi unakotoka. Huhitaji wakala.

Cheti kamili. Zaidi ya dola 2,000 ni hiki. Kwa Tanzania unakiomba TCCIA (chemba ya wafanyabiashara), kwa Kenya kinatolewa na KRA (mamlaka ya mapato). Unaambatisha ankara, na kama ni bidhaa ya kiwandani, maelezo ya malighafi na gharama zake.

Tani 7 za mchele zimeshavuka dola 2,000 hata kwa bei ya shambani. Usipoteze siku kutafuta cheti cha mpakani.

#3 GhalaArusha

Asante sana mkuu. Je, nikikata ankara nne za mchele, kila moja chini ya dola 2,000, si nitapita na vile vyeti vya mpakani?

#4 KaratasiKwanza

Hapana. Mmiliki mmoja, gari moja, siku moja, mpokeaji mmoja: huo ni mzigo mmoja hata ukikata ankara kumi. Ofisa anajumlisha. Akiona ulipasua makusudi, anaanza kukutilia shaka hata kwenye yale uliyoandika kweli.

Kinachoruhusiwa ni wafanyabiashara wanne tofauti kuchangia lori moja, kila mtu na mzigo wake, ankara yake na cheti chake. Hapo alama kwenye magunia ziwe tofauti, maana mkaguzi atauliza yapi ni ya nani.

Na ankara ya uongo si jambo la kuombana radhi. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinataja kifungo hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000.

#5 Unyevu13

Niongezee upande wa mazao, maana watu wengi hukwama hapa wakiwa na cheti cha uasili mkononi. Ushuru sifuri hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea.

Mpangilio sahihi unaanzia KENYA. Mnunuzi wako aombe kwanza kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya). Kibali hicho kina masharti: wadudu gani wasiwepo, kama kufukiza dawa kunatakiwa, na tamko gani liandikwe kwenye cheti cha usafi wa mimea. Akutumie nakala. Wewe unakipeleka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania), mkaguzi anakagua mzigo kulingana na masharti yale, ndipo anatoa cheti cha usafi wa mimea. Wanaoanza na TPHPA kabla ya kibali cha KEPHIS hupata cheti kisicho na tamko linalotakiwa, na Namanga kinakataliwa. Cheti ni halali, ila hakijibu swali lililoulizwa.

Upande wa Tanzania pia unahitaji kibali cha kusafirisha mazao nje cha Wizara ya Kilimo, unakiomba mtandaoni kwenye mfumo wao wa ATMIS. Vyakula vina kipimo cha mionzi cha TAEC (tume ya nguvu za atomiki). Hii ya mionzi watu huikumbuka gari likiwa Longido, njiani kwenda mpakani.

Vitunguu: vikaushwe shingo vizuri, visiwe na udongo. Udongo ni sababu kubwa ya kukataliwa kuliko hata kuoza, kwa sababu unabeba minyoo na magonjwa. Tumia magunia ya wavu, hewa ipite. Ukiweka kwenye viroba vilivyozibwa, siku mbili za kusubiri mpakani zinatosha kuvichemsha.

Mchele: unyevu, kokoto, na chenga kulingana na daraja uliloandika kwenye ankara. Ukiandika daraja la kwanza na ndani kuna chenga tele, umejitakia.

#6 Mlolongo_Isebania

Mwenzangu hapo juu amesema vizuri. Mkiongeza mahindi siku nyingine, kumbukeni sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu). Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na baada ya siku chache ikafungua kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka pia sumukuvu aina ya B1 isizidi 5, na unyevu usizidi asilimia 13.5.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni uchukuaji wa sampuli. Sumukuvu haienei sawasawa, inakaa kwa vishada. Gunia moja linaweza kuwa safi kabisa na la pembeni likawa na mara kumi ya kiwango. Ukichota kilo moja kwenye gunia la mlangoni ukapeleka maabara, jibu ni la kilo ile tu. Ingiza bambo (chuma cha kuchotea sampuli) kwenye magunia mengi, juu, kati na chini ya rundo, changanya yote, gawanya mpaka upate sampuli ya maabara. Vinginevyo utapima Arusha upate 4, wapime Namanga wapate 18, na wote wawili wako sahihi.

#7 WakalaNai

Habari zenu. Nijibu upande wa Kenya, kwa sababu ndugu yetu wa Arusha ataumizwa na mnunuzi asiyejipanga.

Mnunuzi awe na PIN ya KRA. Vibali vya KEPHIS na AFA (mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya) viombwe mtandaoni kupitia mfumo wa TradeNet. Kisha wakala wake mwenye leseni anaingiza tamko kwenye iCMS (mfumo wa forodha wa KRA) KABLA gari halijafika mpakani. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, tamko na malipo hufanyika nchi mzigo unakokwenda. Gari likifika kabla ya tamko, linaegeshwa, na unalipia maegesho kwa saa.

Hesabu ya mchele bila cheti cha uasili ni hii. Jedwali la pamoja la ushuru la Afrika Mashariki linasema 75% au dola 345 kwa tani, lililo kubwa. Kenya imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza 35% au dola 200 kwa tani. Tuseme tani 7 zina thamani ya dola 5,600. Kwa tani: 7 × 200 = 1,400. Kwa asilimia: 35% ya 5,600 = 1,960. Unalipa kubwa, dola 1,960. Hiyo ndiyo thamani ya karatasi moja ya TCCIA.

VAT ni kitu kingine kabisa, msiichanganye na ushuru. Cheti cha uasili hakiiondoi. Kenya ni 16%, Tanzania 18%. Kwa bahati nzuri mazao ghafi yasiyosindikwa yamesamehewa VAT Kenya, hivyo vitunguu viko salama. Mafuta ya kupikia ya kiwandani yatalipa 16%, na ni mnunuzi ndiye analipa, mkubaliane mapema.

#8 kizibo

Mbona mnamtisha mtu? Kina mama wanavuka Namanga kila siku na nyanya na unga, hakuna anayeuliza AFA wala mionzi.

#9 KaratasiKwanza

Ndugu kizibo, wanaovuka na kapu wana utaratibu wao halali, na ni mzuri: cheti kilichorahisishwa, fomu fupi ya tamko, na dawati la taarifa za biashara la kuwasaidia kujaza. Hakuna malipo ya cheti hicho. Akitokea mtu anadai hela ya kukigonga muhuri, aombwe stakabadhi.

Lakini hata wao hawajasamehewa afya ya mimea na wanyama. Kinachopungua ni karatasi za forodha. Na tani 7 si kapu.

#10 Jora_na_Doti

Nije kwenye vitenge, hapa ndipo pesa ilipo.

Hoja ya Kariakoo ni ileile kila siku: "Nimeshalipia ushuru bandari ya Dar, kwa nini nilipe tena Nairobi?" Kwa sababu ushuru ule umeingia hazina ya Tanzania kwa bidhaa iliyoingia kutumika Tanzania. Ikivuka kwenda Kenya bila asili ya jumuiya, Kenya inatoza kama imetoka China moja kwa moja. Kuna watu wanadai utarudishiwa ulicholipa Dar. Marejesho yale kisheria ni ya malighafi iliyotumika kutengeneza bidhaa iliyouzwa nje. Mchuuzi aliyenunua belo na kuliuza belo hayumo.

Kitenge, kanga na kikoi vya pamba viko kwenye orodha ya bidhaa nyeti kwa 50%. Chukua thamani ya forodha Ksh 400,000:

Ushuru 50% = 200,000
VAT 16% ya (400,000 + 200,000) = 96,000
Ada ya tamko la kuingiza, 2.5% ya 400,000 = 10,000
Tozo ya reli, 2% ya 400,000 = 8,000
Jumla = 314,000

Angalia VAT inatozwa juu ya thamani PAMOJA na ushuru. Wengi hupiga 16% ya 400,000 wakafika mpakani wamepungukiwa 32,000. Na viwango vya Kenya vya hizo ada mbili za mwisho vimebadilika: ada ya tamko ilishushwa hadi 2.5% mwaka 2023, tozo ya reli ikapandishwa kutoka 1.5% hadi 2% mwishoni mwa 2024. Anayekupa hesabu ya mwaka juzi anakupa hasara.

Kitenge cha nyuzi za plastiki hakimo kwenye kundi la pamba, kina msimbo wake wa forodha (namba ya aina ya bidhaa). Soma lebo, usiandike "pamba" kwa mazoea.

Kama soko lako halisi la vitenge ni Nairobi, usilipie ushuru Dar kabisa. Ingiza kwa transiti chini ya dhamana, au weka kwenye bohari ya forodha Dar kisha utoe kwenda Kenya. Unalipa mara moja, kule inakotumika.

#11 GhalaArusha

Duh. Na nikinunua vitenge vilivyochapwa kiwanda cha hapa Tanzania?

#12 MalighafiHalisi

Inategemea kitambaa cheupe kimetoka wapi na kanuni ya bidhaa hiyo kwenye Kanuni za Uasili za 2015. Kama pamba imesokotwa na kufumwa hapa, huna wasiwasi. Kama kitambaa kimeletwa tayari na hapa kikapigwa rangi tu, kiwanda ndicho kinatakiwa kionyeshe kimetimiza kanuni. Usijaze wewe mchuuzi, huna hesabu zake.

Hilo linahusu mafuta ya alizeti pia. Mbegu za Singida, yamekamuliwa Singida: asili kamili, hakuna mjadala. Kiwanda kikichanganya na mawese ghafi ya nje, swali linabadilika. Kwa bidhaa nyingi kipimo ni thamani ya malighafi za nje isizidi 70% ya bei ya kutokea kiwandani, nyingine zinataka msimbo wa forodha ubadilike. Ila kufungasha upya, kubandika lebo, kuchambua, au kuchanganya tu hakuzalishi asili hata ukiongeza thamani mara mbili.

Kuna mtego mwingine ambao wachuuzi hawaujui. Kiwanda kilichopewa nafuu ya ushuru kwenye malighafi, bidhaa yake ikiuzwa nchi nyingine ya jumuiya hutozwa ushuru wa nje. Ndiyo ugomvi wa pipi na chokoleti wa 2018: Tanzania ilitoza 25% kwa bidhaa za Kenya ikidai zimetengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingia bila ushuru. Bidhaa za maeneo huru ya uzalishaji kwa ajili ya nje nazo hulipa ushuru kamili zikiuzwa ndani ya jumuiya. Gazeti rasmi la jumuiya hutoka kila mwaka karibu na 30 Juni, lina orodha ya nani kapewa nafuu gani. Ni refu na linachosha, lakini ndilo lenye majibu, si vikundi vya WhatsApp.

Kwa zile katoni 60: hakikisha chupa zina alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango la Tanzania). Chini ya sheria ya viwango ya jumuiya ya 2006, alama ya shirika la viwango la nchi mwanachama inatambuliwa na nyingine, KEBS (la Kenya) haitakiwi kurudia vipimo vyote. Chukua nakala ya leseni ya alama hiyo kutoka kiwandani, namba ilingane na ya kwenye chupa. Lebo iwe na jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo, toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, na nchi. Kibandiko cha tarehe kilichobandikwa juu ya tarehe nyingine ni kesi.

#13 mtaa_wa_pili

Na kinyume chake, Nairobi kuja Arusha, ni yaleyale?

#14 WakalaNai

Sheria ya forodha ni moja, taasisi tofauti. Cheti KRA, usafi wa mimea KEPHIS, huku Tanzania kibali cha TPHPA, TBS kwa chakula na vipodozi (tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA), TMDA kwa dawa na vifaa tiba. VAT 18%.

Wanyama na mazao yake msijaribu bila kibali cha mifugo kilichotolewa kabla. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa Namanga. Hapo cheti cha uasili hakikusaidia kitu, kwa sababu suala lilikuwa zuio la mafua ya ndege.

Na mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Usifungie bidhaa kwenye mifuko ya kubebea.

#15 Boda_Tunduma

Samahani kuingilia. Mimi natazama Nakonde, Zambia. Cheti hikihiki cha Afrika Mashariki kinafaa?

#16 KaratasiKwanza

Hakifai. Zambia si mwanachama wa jumuiya. Kati ya Tanzania na Zambia kinachotumika ni cheti cha SADC. Usijaze cha COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika): Zambia imo, Kenya imo, lakini Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Watu hukosea kwa sababu bima ya gari ya Kadi ya Njano ya COMESA inatumika Tanzania, wakadhani na cheti kinatumika. Fungua uzi wako mkuu, njia ya kusini ina mambo mengi. Aprili 2025 tu Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa muda kufuatia mvutano wa masoko.

#17 Mlolongo_Isebania

Nimsaidie mwenye uzi kwa siku yenyewe ya safari.

Namanga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania husimami upande wa Tanzania. Gari linavuka hadi jengo la upande wa Kenya, ndani yake kuna maofisa wa nchi zote mbili. Unaanza dirisha la kutoka (TRA), kisha la kuingia (KRA), halafu KEPHIS, KEBS, afya. Kama hukuchukua jambo fulani la Tanzania ukadhani utalipata "kwa wenzetu", mlango wa pili hautalitoa.

Yanayokwamisha zaidi: msimbo wa forodha kwenye cheti cha uasili kutofautiana na ule wa kwenye tamko, namba ya ankara kwenye cheti kuwa ya ankara ya zamani iliyorekebishwa, uzito wa ankara kuwa 7,000 na mizani kusoma 7,400, kufuta kwa wino mweupe. Cheti kikikosewa, omba kingine, usikirekebishe kwa kalamu.

Thamani nayo. Ankara iendane na risiti ya EFD (mashine ya risiti ya TRA). Ukiandika bei ya kitoto, ofisa ana njia sita za kukadiria thamani kwenye Jedwali la Nne la sheria, na atapandisha. Gharama ya usafiri hadi mpakani inaingia kwenye thamani ya forodha.

Ofisa akitilia shaka asili ya bidhaa, anatakiwa aiulize mamlaka iliyotoa cheti, na mzigo unaweza kuachiwa kwa dhamana wakati majibu yakisubiriwa. Omba hilo kwa maandishi kupitia wakala, taratibu, bila kugombana dirishani.

#18 GhalaArusha

Nimeelewa mengi, Mungu awabariki. Swali la mwisho: vyote vinne nivipakie Fuso moja au nitenganishe?

#19 Unyevu13

Tenganisha. Gari halitoki mpaka kila kitu kilichomo kiwe kimeachiwa. Vitenge vikibishaniwa thamani siku tatu, vitunguu vinachipua chini yake.

#20 WakalaNai

Naunga mkono. Mchele na vitunguu gari moja, cheti cha usafi wa mimea kiorodheshe vyote viwili kwa uzito wake. Mafuta yanaweza kupanda humohumo kama VAT imeshalipwa na leseni ya alama ipo. Yasikae juu ya mchele, chupa moja ikivuja gunia zima limekwenda. Vitenge siku nyingine, gari jingine, na mnunuzi awe ameshalipa zile 314,000 kabla hamjafunga turubai.

#21 Jora_na_Doti

Na kama vitenge ni vya pamba, aandike "kitenge" kwenye ankara, si "nguo". "Nguo" inamfanya mkaguzi afungue mabelo yote mawili.